Kwato za Kwenda na Kwato za Kurudi

Nimekabidhi ufunguo wa stoo, koti la kazini na mwiko wangu wa pili. Mwiko wa kwanza nimebaki nao, na anayeutaka aje nyumbani tugombane. Nyinyi mliobaki karakana mmeniomba niandike yale niliyokuwa nayasema huku mikono ikiwa kwenye saruji, kwa maana mnasema nilikuwa nikitamka nusu, na nusu nyingine naimalizia kwa kukunja uso. Basi nimekaa chini. Sitaandika nilianza kwa mshahara gani wala nani alinipandisha cheo, maana mambo hayo hayajawahi kumsaidia mtu kulainisha sinki. Nitaandika kuhusu masinki, vikalio vya kuogea na mapambo ya ukutani, na zaidi nitaandika kuhusu bafu moja la Kintinku. Bafu lile nilikaribia kuliharibu kwa kulipamba, na kwa sababu hiyo bibi mmoja alikaribia kuhamishwa nyumbani kwake.

Siku ya kwanza nilifika kwa Mzee Kanti kuomba kazi ya kufagia. Mzee Kanti alikuwa mmoja wa wale Wahindi wa Singida Mjini ambao babu zao wamezikwa hapa hapa. Mbele alikuwa na duka la mabomba na masinki meupe kutoka nje, na nyuma, kwenye ua, palikuwa na karakana ya kumimina terazo, ile saruji yenye vipande vya mawe inayosuguliwa mpaka ing'ae. Alinitazama juu hadi chini.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba binti. Unajua kuchekecha?"

"Kuchekecha unga najua."

"Basi mawe nayo ni unga, ila yamekataa kusagwa. Ingia."

Akanikabidhi chekeche tatu. Mawe yalitoka kwenye vilima vinavyouzunguka mji wetu, mengine ya kijivu, mengine mekundu kidogo, mengine meusi, yakiwa yameshapondwa kwa nyundo. Kazi yangu ilikuwa kuyatenga: ya ukubwa wa maharage huku, ya ukubwa wa mtama kule, na vumbi lake pembeni. Kufika adhuhuri nilikuwa nimejaza magunia mawili na nimeridhika na nafsi yangu. Akaja fundi mkuu, akatia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi moja, akaona mtama umechanganyika na maharage. Kisha akalishika gunia kwa pembe mbili akalimwaga lote chini. Alikwenda kuswali, na aliporudi alinikuta nimeanza upya.

Huyo ndiye Fundi Salum, na kila ninachokijua kilipitia kwake. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya kushona iliyoshika saruji mpaka ikawa haikunjiki. Alinifundisha kufinyanga kalibu ya udongo, kuipaka mafuta ya alizeti ili sinki lisigande humo, kulaza wavu wa kuku ndani ya saruji ili lisipasuke, na kulifunika kwa gunia bichi siku saba. Alinifundisha kusugua kwa jiwe na maji mpaka mawe yatokeze nyuso zao, halafu kupaka nta ya nyuki iliyotoka misitu ya Itigi. Siku hizi mna grenda na dawa za kung'arisha kwenye makopo. Sawa, tumieni, lakini ile nta haijawahi kumchubua mtu mkono.

Mtihani wa mwisho wa Fundi Salum ulikuwa mbegu moja ya alizeti. Alikuwa nazo mfukoni siku zote, na wakati mwingine alizitafuna, kwa hiyo mtihani ulitegemea pia njaa yake. Sinki likishakamilika, alimwaga kikombe cha maji, akadondosha mbegu ukingoni. Mbegu ikienda na maji hadi kwenye tundu, sinki limepita. Mbegu ikibaki mahali, hata kama mapambo yake yanamtoa mtu machozi, sinki linarudi kusuguliwa. "Pambo la kwanza la sinki," alisema, "ni maji kuondoka."

Miaka ile mteja akiingia uani alikuwa ananipita. "Fundi yuko wapi?" anauliza, naye amesimama juu ya sinki nililolimimina mimi. Nilikuwa namjibu kuwa fundi ametoka kidogo, halafu namuuliza anataka nini, nampimia, namtengenezea. Akija kuchukua mzigo anauliza tena fundi yuko wapi ili amshukuru. Wengine mpaka leo wanaamini kuna bwana fulani hodari asiyependa kuonekana.

Mapambo yalianza kwa ushindani. Masinki meupe ya dukani yalifanana yote kama mayai ya trei moja, na Mzee Kanti alitaka ya uani yawe na sura. La kwanza nililobuni mimi mwenyewe lilikuwa la alizeti: ukingo wa majani ya njano kumi na sita, na katikati, maji yanapoingilia, mawe meusi madogo yamepangwa kwa mzunguko kama mbegu. Nililifanya kwa sababu ndiyo maua niliyokuwa nayajua, nimekulia Ikungi, shamba linaanzia mlangoni. Lilipendwa sana. Nadhani nusu ya nyumba za mtaa wa juu zilikuwa na alizeti bafuni, ingawa ukweli ni kwamba maji ya bomba yalikuwa hayajafika, na watu walinawa humo kwa kopo na ndoo. Kwa hiyo nikaongeza kijirafu cha kuwekea kopo. Wajenzi walicheka, wenye nyumba hawakucheka.

Mafanikio hayo yalinitia kichwa kikubwa. Nikabuni sinki la kuku. Tuko Singida, nikasema, nani atamkataa kuku? Nilimfinyanga jogoo mzuri mwenye mkia wa mawe mekundu, na bomba nikalipitisha shingoni likatokea mdomoni. Tulipofungulia maji mbele ya mteja, mama mmoja mfugaji wa Misuna, maji yakamtiririka jogoo mdomoni. Yule mama akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyu ana kideri," akasema.

Kila aliyekuwepo uani alikuwa ameshazika kuku kwa kideri. Tulitazamana. Ukishaliona jambo hilo huwezi tena kutoliona, kuku mgonjwa anatokwa na maji mdomoni. Fundi Salum alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la saruji, na sinki lile halikununuliwa na mtu yeyote.

Simba wa Shelui naye asisahaulike. Mwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu alitaka kichwa cha simba juu ya bomba, ili madereva wa malori wakinawa wajisikie wafalme. Mimi simba nilikuwa nimemwona kwenye noti na kwenye pakiti za viberiti. Nilichotoa kilikuwa na ndevu nyingi kuliko manyoya. Madereva wakaanza kuambiana, "Tukalale kwa Mbuzi." Mwenye nyumba alikuja Singida akiwa amefura, na Mzee Kanti akamnywesha chai mpaka akapoa. Mwaka uliofuata nilipita Shelui nikakuta ameandika kwenye kibao chake kwa rangi nyekundu: Kwa Mbuzi. Vyumba vilikuwa vimejaa.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba nilishakosea mara nyingi, na makosa yalikuwa yanaishia kwenye kicheko. La Kintinku halikuwa la kucheka.

Kabla sijafika huko, nimkumbuke Fundi Salum kwa jambo moja zaidi. Alikuwa na tabia iliyonitia aibu. Akienda kupima bafu la mtu, kabla ya kutoa futi mfukoni aliuliza, tena mbele ya watu, "Unaoga umesimama au umekaa? Unaanzia miguu au kichwa?" Hata mzee mwenye mvi alimuuliza. Mimi nilikuwa natazama dari. Kwetu mtu mzima haulizwi mambo ya bafuni. Alipostaafu akarudi shambani, mimi ndiye nikawa napima, na lile swali nikaliacha. Niliona heshima inatosha, na macho yangu yanatosha.

Basi siku moja akaja mwanaume wa makamo, nadhifu, anafanya kazi ofisini Dodoma. Jina lake Yohana. Hakutazama masinki. Alikaa kwenye kibao cha wateja akaweka mikono magotini.

"Dada, mama yangu haoni," alisema. "Ni presha ya macho. Yuko Kintinku, peke yake, na hataki kuondoka. Alikuwa anaogea uani, kwenye ua wa mabua, ameshaanguka mara mbili njiani. Nimemjengea bafu la ndani, kuta tupu. Nataka vitu ambavyo mikono yake itavijua."

"Ana msaidizi?"

"Yupo binti wa jirani, anapika na kuchota maji. Kuogeshwa hataki. Nilimwambia aje Dodoma, mke wangu atamwogesha. Unajua alinijibu nini? 'Mkwe wangu anione uchi? Bora ninuke.'" Alitaka kucheka, ikashindikana. "Nimekubaliana naye hivi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao naenda. Kama ataweza kuoga mwenyewe, anabaki. Akishindwa, naondoka naye siku hiyo hiyo. Siwezi kulala kila siku nikisubiri simu."

Nilimwambia aondoe shaka. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, na kazi niliijua. Bibi wa Kigogo, mke wa mfugaji, haoni, anasoma kwa vidole. Nilikuwa na picha kichwani kabla Yohana hajafika barabarani. Sinki lenye umbo la kibuyu cha maziwa, nusu yake imekatwa, shingo ndefu ikiegemea ukuta, na mistari ya shanga kuzunguka tumbo. Nilifanya kazi ile kwa mapenzi. Rangi niliichanganya mara tatu mpaka nikaipata ile hudhurungi ya kibuyu kilichozeeka. Mbegu ya alizeti ilizunguka mara moja tu, ikaenda zake.

Bibi Foibe alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mwanakwaya. Nilimwamkia, akanishika mkono akaugeuza na kuupapasa kiganja. "Wewe unafanya kazi kweli," akasema. Nilipomaliza kulifunga sinki nilimleta alishike. Vidole vilitembea shingoni, vikashuka kwenye shanga, vikazunguka tumbo.

"Kibuyu," akasema.

"Ndiyo Bibi."

"Cha maziwa."

"Ndiyo Bibi!"

"Kizuri sana, mwanangu. Mungu akubariki."

Nilikaa Kintinku siku tatu nyingine nikimalizia sakafu, nalala kwa jirani. Siku zote tatu sinki langu lilikuwa kavu. Nililiona hilo nikajiambia anazoea. Asubuhi nilimwona Bibi akitoka kwa mlango wa jikoni na mswaki na kikombe, anapapasa ukuta wa nje, anakwenda kutema kwenye jalala la majivu. Siku ya tatu kwenye njia hiyo palikuwa na ndoo. Ndoo ya saruji, yangu mimi, niliyoiacha hapo nikaenda kunywa chai. Nilisikia kishindo. Nilimkuta chini, goti limechubuka na mkono umeanza kuvimba, kikombe kimeviringika hadi kwenye banda la kuku.

Nilimwinua, nikamwosha jeraha. Nililia, nikamwomba radhi, naye akanipigapiga begani kama mimi ndiye niliyeanguka. Ndipo nikamuuliza, "Bibi, mbona hukutemea kwenye sinki? Liko hatua chache."

Alijikung'uta vumbi. "Mwanangu, kwenu Unyaturuni mnatema mate kwenye kibuyu cha maziwa?"

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na vibuyu vitatu. Alivifukiza kwa kijinga cha moto, na sabuni haikuvigusa hata siku moja. Mtoto aliyetia mkono mchafu humo alichapwa. Mimi mwenyewe nilichapwa.

"Najua ni saruji," Bibi Foibe akaendelea, taratibu, asinivunje. "Vidole vyangu vinajua ni saruji. Mdomo ndio unaokataa. Na sikutaka kukwambia, maana umefanya kazi nzuri."

Jioni ile Yohana alipiga simu, akaambiwa habari ya kuanguka. Hakufoka. Alisema tu kwamba Jumamosi yake iko palepale, na kwamba ameshasafisha chumba kule Dodoma. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Sauti yake ya upole ilinikosesha raha kuliko kama angenitukana.

Asubuhi kabla ya kuondoka nilikaa karibu na Bibi kwenye mkeka. Nilijikaza, nikatazama chini ingawa haoni.

"Bibi, naomba unisamehe kwa nitakalouliza. Unaoga umesimama au umekaa?"

Akaanza kutikisika mabega, akacheka mpaka kilemba kikamtoka. "Wiki nzima unapima kuta, leo ndiyo unauliza!"

Akanieleza yote, bila aibu, aibu ilikuwa yangu peke yangu. Anaoga amekaa. Anaanzia miguu. Alikozaliwa, kule juu mlimani Saranda, wanawake walikuwa wanaogea kwenye mwamba wenye shimo lililochimbwa na mvua, unakaa ukingoni na maji yako usawa wa mapaja. Alikuwa msichana wa kuchunga, baba yake hakuwa na watoto wa kiume. Kiangazi vumbi lilipanda mpaka humwoni ng'ombe aliye mbele yako. "Nilikuwa nainama tu natazama kwato. Kwato hazidanganyi. Zinakwambia wamekwenda maji au wamerudi."

Niliandika kila kitu kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Nilipima kimo cha mkono wake kwa uzi nikafunga fundo. Kibuyu nikaking'oa, nikarudi nacho. Kiko uani kwangu mpaka leo, kuku wananywea humo. Wao hawana mila.

Karakana nilianza na mwamba. Sinki la chini, pana, la mawe ya kijivu bila rangi hata moja, ukingo wake nimeuacha na ukali kidogo ili mkono ujue umefika, na ubavuni kikalio kimeungana nalo kama jiwe moja. Fundo la uzi lilinipa kimo cha kila kitu. Kisha nikaenda machinjioni asubuhi kununua kwato mbili. Muuzaji aliniuliza kama ni za supu. Nikamwambia ni za ukutani, akanipunguzia bei kwa huruma. Nilizigandamiza kwenye udongo, nikapata kalibu, nikamimina vipande vya mawe meusi vitakavyojitokeza ukutani kiasi cha unene wa kidole, ili visishike uchafu. Nilihitaji kumi na viwili, kutoka mlango wa chumba chake hadi bafuni. Nikamimina ishirini na vinne, kwa maana Fundi Salum alinifundisha kwamba mtu akitaka kimoja umimine viwili, kimoja kitapasuka. Safari hii hakikupasuka hata kimoja, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

Nilirudi Kintinku siku tano kabla ya ile Jumamosi. Sinki likakaa. Kwato nikazipanga kwenye ukuta wa ujia, kwa mstari, ncha zake mbili mbele, kila moja kwenye kimo cha fundo. Nilipomaliza nilirudi nyuma nikatazama, nikaona kazi imekaa sawa. Nikamwita Bibi.

Alianzia mlangoni pa chumba. Mkono wa kushoto ukagusa ukwato wa kwanza. Uso wake ukafunguka. Ukwato wa pili. Wa tatu. Akasimama.

"Mwanangu, hawa ng'ombe wanakwenda wapi?"

"Bafuni, Bibi. Kwenye maji."

"Hapana. Hawa wameshakunywa. Wanarudi zizini."

Nilisogea nikatazama. Ukwato wa ng'ombe una ncha mbele na duara nyuma, mtoto wa mfugaji anajua hilo kabla ya kujua kusoma. Mimi nilikuwa nimeanza kupanga kutoka bafuni kuja chumbani, na kila kipande nilikielekeza nilikokuwa naelekea mimi. Kumi na viwili vyote. Saruji ilikuwa imeshashika. Nilikaa sakafuni. Nilifikiria patasi na nyundo, na ukuta utakavyobomoka, na siku zilizobaki. Nadhani nilisema kwa sauti kwamba nimekwisha.

Bibi Foibe hakunisikiliza. Alikuwa ameukamata tena ukuta, ameanzia mlango wa bafu, anakuja chumbani, safari hii kwa mkono wa kulia. Alifika kitandani bila kusita. Akarudi kunitafuta kwa sauti.

"Waache hao. Hao ndio watakaonirudisha kitandani, tena kwa mkono wangu wenye nguvu. Niwekee wengine wa kwenda, ukuta wa pili. Kwenda kulia, kurudi kulia. Una wengine?"

"Ninao, Bibi," nilisema. "Kumi na wawili."

"Basi inuka. Ng'ombe hawalali njiani."

Jumamosi Yohana alifika saa nne asubuhi na gari, mkewe akabaki ndani ya gari kwa heshima ya mama mkwe. Sanduku la Bibi lilikuwa mlangoni, binti wa jirani alilifunga kwa amri ya Yohana ya simu. Bibi aliipokea shikamoo ya mwanawe, akachukua taulo, kanga na mswaki, akaingia ujiani. Mimi na Yohana tukakaa kwenye benchi la nje chini ya dirisha la bafu.

Tulisikia kiganja kikipita ukutani, kinagusa, kinaacha, kinagusa. Mlango ukafungwa. Kopo likagonga ndoo. Maji yakamwagika, kidogo, ya miguu. Yakamwagika tena. Halafu pakawa kimya. Kimya kikaendelea. Yohana akainuka.

"Kaa," nikamwambia.

"Dada, huenda amean..."

"Kaa chini, kaka."

Sijui nilitoa wapi ujasiri ule. Nilikuwa nimebana mikono katikati ya magoti, maana kama ameanguka, ameanguka kwenye kazi yangu mara ya pili. Kisha maji yakamwagika kwa wingi, ya mwili mzima, na ndani ya maji yale tukasikia wimbo wa kwaya, sauti ya kwanza, bila kukosea. Yohana akakaa. Mswaki ukaanza kusugua. Na baada ya mswaki nikasikia sauti niliyokuwa naisubiri tangu kibuyu: Bibi Foibe alitema. Alitema kwa nguvu, ndani ya sinki langu, akasuuza akatema tena. Nimesifiwa na wengi katika kazi hii, na zile ndizo sifa ninazozikumbuka.

Alitoka amejifunga kanga safi, uso unang'aa mafuta, mkono wa kulia ukiteremka kwenye kwato za kurudi. Akaja mpaka kizingitini.

"Yohana, mkeo umemwacha wapi? Mwambie ashuke, bafu lipo, anawe, chakula kimeiva. Na hilo sanduku lirudishe ndani kabla kuku hawajalipanda."

Yohana alilibeba sanduku mwenyewe. Alikaa nalo chumbani kwa mama yake muda mrefu, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

Tangu siku hiyo sijapima bafu la mtu bila kuuliza. Nimewauliza masheikh, wachungaji, na mkuu mmoja wa shule aliyevunjika nyonga, na wote wameishia kujibu. Nyinyi siku hizi mteja anawaletea picha kwenye simu, bafu la ng'ambo lenye bomba la dhahabu, mnakimbilia kuikuza picha. Ikuzeni. Halafu muulizeni anaoga vipi, na msitazame dari kama nilivyotazama mimi.

Wiki chache kabla ya kukabidhi ufunguo nilikwenda Kintinku kumuaga Bibi Foibe. Sasa anatembea kwa fimbo, lakini anaishi pale pale. Nilipita ujiani nikagusa kuta zote mbili. Zile ncha nilizozikosea na zile nilizozipatia zote zimelika, mawe yamekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Hata mchungaji hodari asingeweza kusema ng'ombe wale wanakwenda au wanarudi.

"Bibi," nikamwambia, "kwato zimeisha. Kabla sijastaafu nije nikumiminie nyingine?"

Alikuwa amekaa kitandani anasuka ukili wa mkeka. Hakuinua uso.

"Za nini tena? Njia naijua. Wewe kanawe tule."

Nikaenda kunawa. Mfukoni nilikuwa na mbegu za alizeti, tabia ya Fundi Salum imenihamia. Nikamwaga kopo la maji kwenye mwamba wangu, nikadondosha mbegu moja, nayo ikaenda.